Tezi ya Thairoidi, Miguu Mizito na Uzito Unaopanda: Tuanzie Wapi?

Yapo malalamiko ambayo kila mhudumu wa afya anayewaona wagonjwa wa homoni huyasikia. Mgonjwa amegundulika kuwa na upungufu wa homoni ya thairoidi, anameza kidonge chake kila siku, lakini mizani haishuki. Akiwa pia na magoti yaliyosagika, au amepooza upande mmoja baada ya kiharusi, au anatumia kiti mwendo, jambo huwa zito zaidi, kwa kuwa ushauri anaopewa ndio ule asioweza kuutekeleza: punguza kula, kisha utembee. Anarudi nyumbani akiwa amebebeshwa lawama badala ya tiba. Baadhi huamua kuongeza vidonge wenyewe wakitumaini kwamba mwili utayeyuka. Wengine huacha dawa kabisa, wakiamini kuwa haina kazi. Njia zote mbili zina madhara, na moja kati yake inaweza kuua.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba uzito wa mgonjwa wa namna hii hautokani na chanzo kimoja, na kwa hiyo hauondolewi kwa ufunguo mmoja. Ipo sehemu inayoletwa na tezi, ipo inayoletwa na mwili kutotembea, na ipo inayotokana na sahani na kikombe. Kila sehemu ina tiba yake. Makosa mengi huanzia pale tunapotaka kidonge kifanye kazi ya sahani, au tunapotaka miguu isiyobeba ifanye kazi ya kidonge.

Kazi ya tezi na dalili za kulegea kwake

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, na umbo lake hufanana na kipepeo aliyekunjua mbawa. Hutengeneza homoni mbili, T4 na T3, kwa kutumia madini joto tunayoyapata hasa katika chumvi. Homoni hizo ndizo zinazoziamuru seli zifanye kazi kwa kasi gani: moyo upige haraka kiasi gani, utumbo usukume chakula kwa kasi ipi, mwili utoe joto kiasi gani. Tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, huisimamia thairoidi kwa kutoa homoni ya TSH. Thairoidi ikilegea, pituitari huongeza TSH, kama msimamizi anayepaza sauti pale mfanyakazi anapozembea. Ndiyo maana, kwa wagonjwa walio wengi, TSH iliyopanda ni ishara ya thairoidi iliyoshindwa kazi.

Dalili huja polepole, mara nyingi kwa miezi au miaka: uchovu, usingizi mwingi, kuhisi baridi wakati wengine wanapepea, ngozi kukauka, choo kuwa kigumu, sauti kukwaruza, uso kuvimba, hedhi kuwa nzito, kusahau, misuli kuuma na mapigo ya moyo kupungua. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyo ya ugonjwa huu peke yake. Mzee huambiwa ni umri, mama aliyejifungua huambiwa ni ulezi, na aliyepooza huambiwa ni kukaa sana. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua. Pale ambapo zahanati haina kipimo hicho, dalili kadhaa zikikutana kwa mtu mmoja ni sababu ya kutosha ya kumpa rufaa.

Tezi huongeza kilo ngapi?

Hapa ndipo penye ukweli ambao wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa. Upungufu wa homoni ya thairoidi huongeza uzito, ila si mwingi kama inavyodhaniwa. Chama cha Wataalamu wa Thairoidi cha Marekani kinaeleza kwamba ongezeko linaloweza kuhusishwa na tezi yenyewe kwa kawaida ni kati ya kilo 2 na 5 hivi, kutegemea ukali wa ugonjwa, na kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni maji na chumvi, wala si mafuta. Homoni ikipungua, chini ya ngozi hujikusanya vitu vyenye asili ya sukari vinavyovuta na kushikilia maji, na figo nazo hupunguza kasi ya kuyatoa. Ndiyo sababu ya kope zilizovimba na viganja vilivyotuna.

Historia ya tiba yenyewe inalithibitisha jambo hili. Mwaka 1891, daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba na kuzubaa kwa ugonjwa huu, kwa kumchoma sindano za maji ya tezi ya kondoo. Uvimbe ulipungua, mwanamke akachangamka, na akaishi hadi mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Tiba ilimrudishia uhai na kumwondolea uvimbe. Kazi ya homoni ni hiyo hadi leo, ingawa sasa tunatumia kidonge cha levothairoksini kinachotengenezwa kiwandani, dawa ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mama wa miaka 58 alikuwa na kilo 72. Miaka minne baadaye ana kilo 90, magoti yamesagika na tezi imelegea. Ameongezeka kilo 18. Tukiikadiria sehemu ya tezi kwa kiwango cha juu, yaani kilo 5, bado zinabaki kilo 13 ambazo kidonge hakiwezi kuziondoa, kwa kuwa hakikuhusika katika kuja kwake. Mama huyu asipoambiwa hesabu hii mapema, atasubiri muujiza wa kidonge kwa mwaka mzima, kisha atakata tamaa. Akiambiwa, atajua mapema kwamba tiba imefanya kazi yake hata kama mizani imeshuka kilo 3 tu, na kwamba kazi iliyobaki ina njia nyingine.

Kidonge kimezwe kama inavyopasa

Kabla ya kuzungumzia chakula, dawa ikae sawa kwanza, kwa sababu mwili ambao TSH yake ingali juu huchoka haraka, na misuli yake haina nguvu ya kuitikia mazoezi yoyote. Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu. Imezwe kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, kila siku kwa wakati ule ule. Asiyeweza asubuhi anaweza kumeza usiku anapokwenda kulala, ikiwa zimepita angalau saa 3 tangu mlo wa mwisho. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga akubaliane mapema na daktari wake ni ipi kati ya njia hizo itakayomfaa: kabla ya daku, au usiku baada ya muda huo kupita.

Vipo vitu vinavyoizuia dawa hii isifyonzwe, na vingi vimo katika nyumba zetu. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vidonge vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia vitenganishwe na levothairoksini kwa saa 4. Kahawa isubiri. Uji wa lishe uliochanganywa soya, ambao familia nyingi humpa mgonjwa alfajiri ili apate nguvu, nao usubiri, kwa kuwa soya hupunguza ufyonzwaji. Chai ya maziwa inayonywewa sambamba na kidonge hairuhusiwi vilevile. Mara nyingi dozi huonekana haitoshi, kumbe inapotelea katika kikombe cha asubuhi.

Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu. Huchukua takribani siku 7 nusu yake kutoka. Kwa hiyo dozi inapoanzishwa au kubadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, si baada ya wiki mbili. Aliyesahau kidonge siku moja asiingiwe na hofu, lakini mazoea ya kusahau hurudisha ugonjwa polepole. Vidonge vihifadhiwe mahali pakavu, mbali na joto na jua; dirisha la jikoni na dashibodi ya gari si mahali pake. Na mwanamke anayetumia dawa hii akihisi kuwa ni mjamzito, aende kituoni mapema, kwa kuwa mahitaji ya homoni huongezeka tangu wiki za mwanzo na ubongo wa mtoto unaitegemea homoni ya mama.

Kwa nini dozi isiongezwe ili kupunguza uzito

Mgonjwa anaweza kuuliza: ikiwa homoni huharakisha mwili, kwa nini nisimeze mbili? Swali lina mantiki, na linastahili jibu badala ya karipio. Homoni ikizidi, mwili haichagui mafuta peke yake. Huteketeza misuli pia, na kwa mtu asiyetembea misuli ndiyo mali aliyobakiwa nayo. Moyo hupiga kwa kasi na unaweza kupoteza mpangilio wake, hali inayoweza kuzalisha mabonge ya damu na kuleta kiharusi. Mifupa hupoteza madini. Na mifupa ya mtu ambaye miguu yake haibebi uzito wa mwili huwa tayari imeanza kudhoofika. Kwa hiyo anayetembea kwa shida hupata hasara kuliko mtu mwingine yeyote akizidisha dozi. Mamlaka ya dawa ya Marekani huagiza onyo maalumu kwenye dawa hizi kwamba zisitumike kutibu unene. Vivyo hivyo, mtu ambaye tezi yake ni nzima asipewe homoni ili apungue.

Mwili usiotembea na chakula cha mwili unaotembea

Mtu anapoacha kutembea, hupoteza matumizi mawili ya nishati kwa pamoja. La kwanza ni mwendo wenyewe: kwenda kisimani, sokoni, shambani, kupanda daladala. La pili ni misuli, ambayo hutumia nishati hata mtu akiwa amekaa, na ambayo husinyaa isipotumika. Mahitaji hushuka, lakini sahani hubaki ile ile. Mara nyingine hata huongezeka, kwa sababu katika desturi zetu upendo kwa mgonjwa huonyeshwa kwa chakula: supu yenye mafuta, chapati ya ziada, soda ya kumchangamsha mgeni na mwenyeji. Hakuna aliyekosa adabu wala aliyefanya uvivu. Ni hesabu tu iliyobadilika bila mtu kuambiwa.

Kwa sababu hiyo, anayepika ahudhurie kliniki pamoja na mgonjwa. Kumshauri mtu aliyepooza kuhusu chakula ambacho hakipiki, hakinunui wala hakipakui mwenyewe, ni kusema na asiyehusika. Na familia inayokula sinia moja inaweza kumpakulia mgonjwa sahani yake bila kumtenga na mkeka. Aketi na wenzake, aone anachokula.

Pa kuanzia ni kikombe, kwa kuwa vinywaji vitamu havishibishi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni takribani gramu 4. Anayekunywa vikombe 4 kwa siku, kila kimoja kwa vijiko 3, amekula gramu 48 za sukari, karibu kilokalori 190, kabla hajagusa chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikibaki chini ya asilimia 5, yaani takribani gramu 25 au vijiko 6. Kupunguza kijiko kimoja kila wiki hadi ulimi uzoee hufanikiwa kuliko kuacha kwa siku moja.

Baada ya kikombe, mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia hubeba takribani kilokalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Mafuta yanayomiminwa kutoka kwenye dumu hayana kipimo. Yanayopimwa kwa kijiko yana kipimo. Mboga iliyochemshwa na kuungwa kidogo, samaki wa kuchoma au wa kuchemsha badala ya wa kukaanga, na maharage yasiyoogelea katika mafuta, hupunguza nishati bila kupunguza shibe.

Kisha sahani yenyewe. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, biringanya. Robo iwe protini: maharage, choroko, dagaa, samaki, yai, nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki ndiyo iwe ya ugali, wali, ndizi au viazi. Protini isipunguzwe pamoja na wanga, kwa sababu ndiyo inayolinda misuli mwili unapopungua. Mboga, matunda na maji ya kutosha husaidia pia choo, ambacho tezi iliyolegea na kukaa muda mrefu hukifanya kiwe kigumu. Kujinyima kula kabisa hakufai. Anayeshinda njaa hupoteza misuli na hurudisha kilo zile zile kwa haraka.

Muhogo, kabichi na chumvi

Wagonjwa wengi wameonywa wasile muhogo wala kabichi. Onyo hili lina asili ya kweli, ila limevuka mipaka yake. Katika kisiwa cha Idjwi, kwenye Ziwa Kivu nchini Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walionyesha kwamba muhogo uliliwa kwa wingi mahali ambapo madini joto yalikuwa haba, na goita ikashamiri. Sumu iliyomo katika muhogo usioandaliwa vizuri hugeuka mwilini kuwa kitu kinachozuia tezi isipate madini joto. Kwa mtu anayetumia chumvi yenye madini joto, anayekula muhogo uliolowekwa, kukaushwa au kupikwa barabara, pamoja na kabichi iliyopikwa, katika mlo wenye mchanganyiko, hakuna sababu ya kuviogopa. Anayemeza levothairoksini hupata homoni iliyokamilika tayari, na vyakula hivyo havina uwezo wa kuivunja.

Chumvi iwe ya madini joto, lakini iwe kidogo. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Virutubisho vyenye madini joto mengi, kama vile unga wa mwani unaouzwa kwa ajili ya tezi, viepukwe, kwa kuwa madini joto yakizidi yanaweza kuilegeza zaidi tezi iliyokwisha kuugua.

Mwendo usiohitaji miguu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kuhusu mwendo wa mwili uliwataja bayana watu wenye ulemavu. Lengo lake kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Na unasisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Hakuna mahali unaposema kuwa lazima mwendo huo uwe wa miguu.

Anayeweza kuketi aanze hivi, baada ya kuzungumza na mhudumu wake. Atafute kiti imara kisichoyumba, au afunge breki za kiti mwendo. Anyooshe mikono juu na kuishusha mara 10. Arushe ngumi hewani mbele yake, mkono mmoja baada ya mwingine, kwa dakika moja. Akunje na kunyoosha vifundo vya miguu kama anayekanyaga cherehani. Ainue goti moja baada ya jingine, kama anayepiga kwata akiwa ameketi. Chupa mbili za maji za nusu lita, ambazo kila moja ina takribani nusu kilo, zinatosha kuwa vyuma vya mikono. Anayeweza kusimama ainuke kitini na kuketi tena polepole, mara 5, mtu akiwa karibu. Dakika 5 mara 3 kwa siku zinatosha kwa wiki ya kwanza. Kisha aongeze dakika moja moja. Kipimo cha kasi ni sauti yake: aweze kuongea, asiweze kuimba.

Aliyepooza upande mmoja autumie mkono mzima kuuongoza ule uliolegea. Anayesukuma kiti mwendo mwenyewe ayatunze mabega yake na asiyachoshe kila siku kwa zoezi lile lile. Aliye karibu na bahari tulivu au bwawa salama, akiwa na msaidizi, atafurahia kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani, kwa kuwa maji humpunguzia goti mzigo. Pale penye mtaalamu wa tiba ya viungo, rufaa kwake isingoje mpaka mgonjwa apungue kwanza. Yeye ndiye anayesaidia apungue. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika ni amri ya kusimama na kwenda kituoni. Na mgonjwa ambaye tiba ya tezi ndiyo kwanza imeanza aende taratibu, kwa kuwa moyo wake nao unajifunza upya mwendo wake.

Faida haihitaji kungojea kilo zote 18. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito hutosha kusaidia shinikizo la damu, sukari na maumivu ya viungo. Kwa mama wa mfano wetu mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo 4.5. Uchunguzi wa watu wenye magoti yaliyosagika umeonyesha kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takribani kilo 4 katika kila hatua. Kilo 4.5 zikiondoka, goti lake linapumzishwa kilo 18 kila anapokanyaga. Huenda hatua ya kwenda msalani peke yake, bila kushikwa mkono, ikarejea hapo.

Kumpima asiyeweza kusimama

Wapo wagonjwa ambao uzito wao haujawahi kuandikwa kwa sababu tu hawawezi kupanda mizani. Hospitali au ghala lenye mizani pana ya jukwaa linaweza kumpima mtu akiwa ndani ya kiti mwendo, kisha kiti kikapimwa peke yake na kutolewa. Pasipo na mizani hiyo, utepe wa fundi cherehani unatosha: mzunguko wa kiuno na wa mkono wa juu, mahali pale pale, saa ile ile, mara moja kwa mwezi. Ikumbukwe kuwa kwa mtu aliyepooza, uwiano wa uzito na urefu unaweza kuonekana wa kawaida hali mafuta ni mengi, kwa kuwa misuli imesinyaa na kuacha nafasi. Kiuno husema ukweli zaidi.

Neno kwa wahudumu wa afya

Kwanza, TSH iliyopanda kidogo kwa mtu mnene haithibitishi kuwa tezi ndiyo iliyomnenepesha. Unene wenyewe unaweza kuipandisha TSH kidogo, nayo ikashuka uzito unapopungua. Pili, TSH ikiwa ndani ya kiwango na uzito ukaendelea kupanda, tafuta kwingine: dawa za jamii ya steroidi, insulini, baadhi ya dawa za kisukari, za kifafa na za magonjwa ya akili, sonona, na kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini. Tatu, muulize kuhusu vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, kwa kuwa huvuruga majibu ya vipimo vya thairoidi katika baadhi ya mashine. Visimamishwe angalau siku 2 kabla ya kutoa damu. Nne, mzee na mgonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo, kwa kawaida maikrogramu 12.5 hadi 25, na kupandishwa taratibu.

Tano, na huenda hili ndilo linalosahaulika zaidi, muulize mgonjwa anachoweza kukifanya kabla ya kumwambia anachopaswa kufanya. Kisha kiandike kwenye kadi kama unavyoandika dawa: zoezi gani, dakika ngapi, mara ngapi, hadi lini. Neno "mvivu" halimo katika orodha ya magonjwa. Mgonjwa aliyeaibishwa hupunguza mahudhurio kabla hajapunguza uzito.

Dalili zisizongoja kesho

Mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla kwa mtu asiyetembea unaweza kuwa bonge la damu katika mshipa, hasa kifua kikibana. Miguu yote miwili kuvimba pamoja na kukosa pumzi mtu anapolala chali inaweza kuwa dalili ya moyo. Kidonda au wekundu kwenye makalio, nyonga au visigino ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Na mgonjwa wa thairoidi, hasa aliyeacha dawa, akianza kuchanganyikiwa, kuwa baridi mwilini, kupumua polepole na kusinzia asiamshike, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hali hiyo huua.

Kwa anayeanza leo, kazi ya wiki ya kwanza ni tatu tu: kidonge kwa maji matupu, kijiko kimoja cha sukari kipungue katika kila kikombe, na dakika 5 za mwendo kitini mara 3 kwa siku. Baada ya wiki 6 hadi 8 arudi kliniki akiwa na kadi yake, vipimo vya kiuno, na yule anayempikia. Hapo ndipo mazungumzo ya kweli kuhusu uzito yanapoweza kuanza.